Fannie Lou Hamer: Mama aliyeondolewa kizazi bila kuambiwa

MWAKA 1961 mwanamke mmoja, kibarua wa shamba la pamba katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, aliingia hospitali kuondolewa uvimbe mdogo. Alitoka salama, kidonda kikapona, akarudi nyumbani kwa mumewe akiamini kwamba kilichotolewa ni ule uvimbe tu.

Haikuwa hivyo. Daktari alikuwa amemwondoa mfuko mzima wa uzazi. Hakumuuliza kabla ya upasuaji, wala hakumwambia baada ya upasuaji.

Mwanamke huyo alikuwa Fannie Lou Hamer, ambaye miaka michache baadaye jina lake lilivuma Marekani nzima kwa kudai haki ya Wamarekani Weusi kupiga kura. Vitabu vingi vya historia vinamkumbuka kwa kura. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kunyimwa kura, mama huyu alinyimwa jambo jingine la msingi: haki ya kujua nini kitafanyika katika mwili wake mwenyewe. Makala haya yanaangalia maisha yake kwa upande huo, kwa kuwa yana funzo kwa kila mmoja wetu ambaye siku moja atawekewa karatasi mbele yake na kuambiwa aweke sahihi.

Mtoto wa ishirini

Fannie Lou alizaliwa Oktoba 6, 1917 katika wilaya ya Montgomery, Mississippi. Alikuwa mtoto wa 20 na wa mwisho wa Lou Ella na James Townsend. Wazazi wake walilima mashamba ya wazungu kwa utaratibu wa kugawana mavuno. Utaratibu huo ulionekana wa haki ukiutazama kwa mbali, lakini hesabu zote zilikuwa mikononi mwa mwenye shamba. Yeye ndiye aliyetoa mbegu na chakula kwa mkopo, na yeye ndiye aliyesema mwisho wa msimu nani anadaiwa kiasi gani. Familia nyingi zilimaliza mwaka zikiwa na deni kubwa kuliko zilivyoanza.

Alipokuwa na miaka miwili, familia ilihamia wilaya ya Sunflower, karibu na mji mdogo wa Ruleville. Alianza kuchuma pamba akiwa na miaka sita. Utotoni aliugua polio, na akaishi akichechemea maisha yake yote. Wakati mmoja baba yake alijikusuru akanunua nyumbu na vifaa ili ajitegemee, lakini mtu akatia sumu katika chakula cha wanyama hao, wakafa wote. Familia ikarudi pale pale ilipokuwa.

Shule alisoma kwa miaka michache tu, tena miezi ile ambayo hapakuwa na pamba ya kuchuma. Alipofika umri wa miaka 12 hivi aliacha ili awasaidie wazazi. Hata hivyo alikuwa amejua kusoma na kuandika, na alipenda kusoma Biblia. Ujuzi huo mdogo ulimsaidia baadaye, kwani katika shamba alikoajiriwa alipewa kazi ya ukarani ya kuandika saa za wafanyakazi na kiasi cha pamba walichochuma.

Katikati ya miaka ya 1940 aliolewa na Perry Hamer, dereva wa trekta katika shamba hilo hilo. Walitamani sana watoto, lakini kila mimba haikuwaletea mtoto aliye hai. Walichukua wasichana wawili, Dorothy na Vergie, wakawalea kama wao. Tamaa ya kuzaa mtoto wa tumbo lake haikumtoka. Kwa hiyo alipoingia hospitali mwaka 1961, akiwa ameshavuka miaka 40, alikwenda kutibiwa. Hakwenda kufungwa mlango huo.

Habari zilizotoka jikoni

Namna alivyokuja kujua ukweli inauma kuliko upasuaji wenyewe. Hakuitwa na daktari. Hakusoma katika cheti chochote. Habari zilianzia katika nyumba ya mwenye shamba, zikasikika kwa mpishi, na kutoka jikoni zikaenea miongoni mwa vibarua. Watu walikuwa wanajua kilichompata kabla yeye mwenyewe hajajua. Mwenye mwili alikuwa wa mwisho kuambiwa.

Alimwendea daktari akamuuliza kwa nini alimfanyia vile. Daktari hakuwa na jibu, na katika Mississippi ya siku hizo hakuhitaji kuwa nalo. Mtu mweusi aliyempeleka daktari mzungu mahakamani alikuwa anahatarisha kazi, nyumba na hata uhai wake. Fannie Lou alijua hilo, naye hakufungua kesi.

Lakini hakukaa kimya milele. Aligundua kwamba hakuwa peke yake. Wanawake weusi wengi walikwenda hospitali kwa kujifungua au kwa maradhi mengine, wakatoka wakiwa hawawezi tena kuzaa. Jambo hilo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba alilipa jina la dhihaka, akililinganisha na upasuaji wa kidole tumbo wa mtindo wa Mississippi: unaambiwa unatolewa kitu kidogo, kumbe unatolewa uzazi. Mwaka 1964, akizungumza mbele ya jopo mjini Washington, alikadiria kwamba wanawake weusi sita katika kila kumi waliopita katika hospitali ya eneo lake walifungwa kizazi. Hayo yalikuwa makadirio yake, kwani hospitali haikuwa ikitangaza hesabu za namna hiyo.

Sheria ilikuwepo

Msomaji anaweza kudhani kwamba mwaka 1961 dunia ilikuwa bado haijajua kwamba mgonjwa ana haki ya kuulizwa. Sivyo. Mwaka 1914, miaka mitatu kabla Fannie Lou hajazaliwa, mahakama ya rufaa ya jimbo la New York ilitoa uamuzi katika kesi ya mwanamke aliyekuwa amekubali kuchunguzwa tu akiwa amepewa dawa ya usingizi, lakini madaktari wakaondoa uvimbe wake. Jaji Benjamin Cardozo alieleza kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye kuamua kitakachofanyika katika mwili wake, na daktari anayepasua bila idhini ametenda kosa, isipokuwa pale mgonjwa hana fahamu na maisha yako hatarini.

Mwaka 1957 mahakama ya California ilikwenda mbele zaidi. Ilisema kuwa haitoshi mgonjwa kuitikia tu, bali ni lazima awe ameelezwa mambo anayohitaji kuyajua ndipo aitikie. Hapo ndipo msemo wa ridhaa yenye kujua ulipoanza kutumika mahakamani. Kwa maneno mengine, kumwambia mgonjwa aseme ndiyo huku hajui anakubali nini ni sawa na kutomuuliza.

Tatizo ni kwamba katika nchi hiyo hiyo kulikuwa na sheria nyingine zilizokwenda kinyume. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi msichana aliyedaiwa kuwa na akili pungufu, na mwaka uliofuata Mississippi nayo ikapitisha sheria ya aina hiyo. Sheria hizo ziliwazoesha baadhi ya madaktari na viongozi kufikiri kwamba wapo watu, hasa maskini, ambao wengine wanaweza kuamua kwa niaba yao kama wazae au wasizae. Fannie Lou hakuwa na upungufu wowote wa akili, wala hakupelekwa mbele ya bodi yoyote. Fikra ile ile ilimkuta kitandani.

Kutoka hospitali hadi kwenye kura

Agosti 1962, mwaka mmoja baada ya upasuaji, vijana wa chama cha wanafunzi cha SNCC walifanya mkutano katika kanisa moja la Ruleville. Waliwaeleza wananchi kwamba wana haki ya kujiandikisha na kupiga kura. Fannie Lou alikuwa na umri wa miaka 44, na baadaye alisimulia kwamba hadi siku ile hakuwa anajua kuwa mtu mweusi anaweza kufanya hivyo. Walipoulizwa nani yuko tayari kwenda, alinyoosha mkono.

Agosti 31 yeye na wenzake 17 walipanda basi kwenda Indianola, makao makuu ya wilaya. Mbele ya karani alipewa mtihani. Alitakiwa anakili kifungu cha katiba ya Mississippi kisha aeleze maana yake. Kifungu hicho kilihusu mambo ya kisheria ambayo hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote. Alishindwa. Wakati wa kurudi, polisi walisimamisha basi lao na dereva akatozwa faini, kisa rangi ya basi ilikuwa ya njano mno.

Jioni hiyo mwenye shamba alimtaka aende akafute ombi lake, la sivyo aondoke. Alikuwa ameishi na kufanya kazi pale miaka 18. Aliondoka usiku ule ule. Septemba 10 watu walifyatua risasi 16 katika nyumba ya jirani aliyokuwa amehifadhiwa. Kwa bahati hakuwamo.

Jambo la kuzingatia hapa ni alichofanya baada ya kushindwa mtihani. Hakukata tamaa, wala hakusema katiba ni ya wasomi. Aliisoma. Alimwambia karani kwamba atarudi tena na tena hadi afaulu, naye akarudi. Januari 1963 alipata habari kwamba amefaulu. Alipokwenda kupiga kura akaambiwa hana stakabadhi za kodi ya kura za miaka miwili, akazuiwa tena. Akatafuta njia ya kuvuka na hilo pia.

Huyu ni mtu yule yule aliyelala juu ya meza ya upasuaji bila kujua. Mara ya kwanza kutojua kwake kulitumiwa kumchukulia uzazi. Mara ya pili kulitumiwa kumnyima kura. Hakukubali mara ya tatu.

Kipigo cha Winona na sauti ya Atlantic City

Juni 9, 1963, akirudi kutoka mafunzo ya uraia huko South Carolina, alikamatwa na wenzake katika mji wa Winona. Jela, polisi waliwaamuru wafungwa wawili weusi wampige kwa rungu. Kipigo hicho kilimwachia madhara ya figo, jicho na mguu hadi kufa kwake. Maofisa waliohusika walishtakiwa, lakini baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, liliwaachia huru.

Agosti 22, 1964 alikaa mbele ya kamati ya Chama cha Democratic mjini Atlantic City akaeleza yaliyompata. Televisheni zilikuwa zinaonyesha moja kwa moja. Rais Lyndon Johnson, akihofia athari za maneno hayo kwa wapiga kura wazungu wa kusini, aliitisha mkutano wa ghafla na waandishi wa habari ili kamera zihamie kwake. Hila hiyo haikufaulu, kwani usiku ule vituo vya televisheni vilirudia maelezo ya mama huyo na nchi nzima ikamsikia. Chama chake cha Mississippi kilipewa viti viwili tu visivyo na uzito, kikavikataa. Mwaka uliofuata, 1965, Sheria ya Haki ya Kura ilipitishwa.

Mwaka huo huo wa 1964 wabunge wa Mississippi walikuwa wakijadili muswada wa kumtia hatiani mzazi anayepata mtoto wa pili nje ya ndoa, na kufungwa kizazi kuliwekwa kama njia ya kukwepa jela. Vijana wa SNCC walichapisha kijitabu cha kuupinga. Kifungu cha kufunga kizazi kikaondolewa. Wanawake ambao jana walinong'onezana shambani sasa mambo yao yalikuwa yanasemwa hadharani.

Mwezi Septemba alisafiri na ujumbe wa SNCC hadi Guinea, Afrika Magharibi, ambako walipokewa na Rais Sékou Touré. Kwa mara ya kwanza aliwaona watu weusi wakiendesha ndege, benki na serikali yao.

Afya haikumwacha

Matatizo ya tiba yaliendelea kumfuata. Mwaka 1967 binti yake Dorothy alitokwa na damu ndani ya mwili. Alikosa huduma karibu na nyumbani, ikabidi akimbizwe mbali hadi Memphis katika jimbo la Tennessee, akafariki dunia. Fannie Lou na mumewe wakabaki kuwalea wajukuu wawili wa kike.

Aligeukia chakula, kwa kuwa aliona njaa ndiyo mwanzo wa magonjwa mengi ya watu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianzisha shamba la ushirika pamoja na mpango wa kugawa nguruwe: familia inapewa nguruwe jike, akizaa inarudisha watoto wachache ili familia nyingine ipate. Mwaka 1971 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa umoja wa kitaifa wa wanawake katika siasa. Alifariki dunia Machi 14, 1977 katika hospitali ya Mound Bayou, mji ulioanzishwa na watu weusi wenyewe, kwa saratani ya matiti na shinikizo la damu. Alikuwa na umri wa miaka 59.

Hakuishi kuona matunda yote ya yale aliyoyasema. Mwaka 1973 iligundulika kwamba wasichana wawili ndugu wa Montgomery, Alabama, wenye umri wa miaka 12 na 14, walifungwa kizazi baada ya mama yao, asiyejua kusoma, kuweka alama ya X kwenye karatasi akidhani anakubali sindano za uzazi wa mpango. Kesi yao iliilazimisha serikali ya Marekani kuweka masharti. Mwaka 1978 kanuni zilikamilishwa: kwa upasuaji wa kufunga kizazi unaolipiwa na serikali, mhusika awe na umri usiopungua miaka 21, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na zipite siku 30 kati ya kuweka sahihi na kupasuliwa. Asichukuliwe sahihi akiwa katika uchungu wa kuzaa.

Sharti hilo la mwisho si dogo. Barani Afrika, wanawake watatu wa Namibia wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliishtaki serikali yao kwa kufungwa kizazi. Karatasi zilikuwa na sahihi zao, lakini walizitia wakiwa katika uchungu, na baadhi ya maneno yalikuwa vifupisho vya kitabibu wasivyovijua. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwapa haki, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikathibitisha. Majaji waliona kuwa sahihi peke yake si ridhaa.

Nini tujifunze

Maisha ya Fannie Lou Hamer yasitufanye tuwaogope madaktari. Upasuaji umeokoa maisha ya wengi, na daktari mwema hufurahi kuulizwa. Zipo pia nyakati za dharura ambapo mgonjwa hana fahamu na daktari hana budi kufanya linalookoa uhai. Lakini upasuaji mwingi hupangwa siku au wiki kabla. Muda huo ni wa mgonjwa.

Autumie kuuliza. Ugonjwa wangu unaitwaje? Ni kitu gani hasa kitakatwa, na kipi kitabaki? Ipo njia nyingine isiyo ya kisu? Nikisubiri, nini kitatokea? Hatari zake ni zipi, na nitakuwa katika hali gani baadaye? Mkikuta jambo jingine mkiwa ndani, mtafanya nini, na je, mtaniuliza kwanza? Kwa mfano, mwanamke mwenye uvimbe katika mfuko wa uzazi anafaa kujua kwamba mara nyingi uvimbe huo si saratani, na kwamba wakati mwingine huweza kutolewa wenyewe, mfuko ukabaki. Wakati mwingine haiwezekani. Aambiwe ni lipi, na kwa nini.

Karatasi ya ridhaa isomwe yote. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini, kwa lugha yake. Neno lisiloeleweka lielezwe, na lisilokubaliwa likatwe kabla ya sahihi. Mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayeamua. Mume, mke au shemeji hushauri tu. Anayesitasita anaweza kuomba maoni ya daktari wa pili, na hilo si utovu wa adabu. Baada ya upasuaji aulize tena: mmefanya nini hasa? Jibu aliweke kwa maandishi.

Fannie Lou hakupewa nafasi ya kuuliza hata swali moja kati ya hayo. Alichopoteza hakikurudi. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba waliomfuata wanajua kuwa wanayo haki ya kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika mlango wa chumba cha upasuaji, ujinga ni kuingia bila kuuliza wakati nafasi ya kuuliza unayo.